Vita vya Kiti cha Ishirini na Moja

Enyi mliokaa na mliosimama, mlioshiba na mnaosubiri kushiba, nyamazeni nifungue kinywa! Sisimulii habari za majemadari walioteka miji, maana hao wapambe wanawatosha. Nasimulia habari za Mwalimu wa Jiografia, Simba wa Chaki, Mkunja Ramani, aliyevaa koti lake la kijivu lenye kifungo kimoja siku ya Ijumaa, akatoka kwenda kutafuta sahihi. Sahihi moja tu, ndugu zangu, na nchi ikatetemeka.

Mpate kujua chanzo. Wanafunzi walikuwa waende kwa ndege kwenye mashindano ya sayansi, na Mwalimu ndiye aliyepigana wiki tatu na bei za tiketi, ambazo asubuhi ni nyingine, adhuhuri ni nyingine, na ukipiga chafya zinapanda. Hatimaye dada wa ofisi ya tiketi akamtamkia sharti: "Mwalimu, nakupa ofa ya kikundi. Wanafunzi ishirini kwa nusu nauli, na mwalimu mmoja anapanda bure. Wakiwa kumi na tisa hakuna kikundi, hakuna bure, kila mtu nauli kamili. Na ofa yenyewe inakufa Ijumaa saa sita mchana."

Sasa kiti hicho cha bure, cha ishirini na moja, kilikuwa na mwenyewe tangu zama. Mwalimu Mkuu, Mwenye Funguo Zote, Mkalia Kiti Kinachozunguka, ndiye aliyesindikiza kila safari ya shule, eti kwa usalama wa watoto, na safari hii alikwisha kununua begi la magurudumu. Mwalimu wa Jiografia yeye alikuwa wa kupiga hesabu na kupiga simu. Miaka ishirini na miwili alichora mawingu ubaoni, hata wanafunzi wakambandika jina la Mwalimu Mawingu, na kila mwaka waliuliza swali lile lile: juu ya mawingu kukoje? Akajibu kama kitabu kilivyoandika. Ndege hakuwahi kuipanda hata siku moja, na jambo hilo lilimuuma, lakini alilimeza.

Ijumaa saa nne, fomu zenye sahihi zilikuwa kumi na tisa. Ya ishirini, ya binti wa mama fundi cherehani, ilikuwa tupu.

"Nenda, ewe shujaa!" akanena Mwalimu Mkuu, akizunguka na kiti chake. "Heshima ya shule i mabegani mwako. Usirudi mikono mitupu!"

"Na nauli ya kufika huko, Mkuu?"

"Shujaa hutembea."

Akatembea. Akavuka barabara yenye pikipiki zisizojua breki, akapita mtaro kwa ubao mmoja uliooza, akakabiliana na mbwa wa kinyozi, jitu lenye meno manne, wala hakurudi nyuma, ingawa alihamia upande wa pili wa barabara. Saa tano akasimama kibandani, jasho likimtiririka, mbele ya mama mwenye utepe wa kupimia shingoni.

"Ewe mama!" akaanza, kifua mbele. "Hatima ya vijana kumi na tisa imening'inia kwenye ncha ya kalamu yako, nayo historia inatutazama..."

"Mwalimu, kaa kwanza, utaanguka," mama akamkata. "Mimi sina ugomvi na ndege. Ugomvi wangu ni na huyo mkuu wenu. Mwaka jana kwenye basi alilala fofofo, mwanangu akasahauliwa kituo cha mafuta saa tatu nzima. Leo nimpe tena? Nimemzaa huyu, sikumwokota!"

"Una haki, mama. Lakini asipokwenda binti yako, hakuna atakayekwenda."

"Wewe unakwenda?"

Hapo Simba wa Chaki akainamisha kichwa. "Natamani sana, mama. Kiti ni kimoja."

Mama akamtazama, akavitazama na viatu vyake vilivyojaa vumbi. Akatia sahihi. Kisha akachukua karatasi ya pili, akaandika: *Mwanangu ataondoka akisindikizwa na Mwalimu wa Jiografia. Akienda mwingine, ruhusa hii imekufa.*

"Karatasi hupotea kwenye ofisi za watu," akasema. Akazilaza zote mbili chini ya sindano, akakanyaga cherehani. Trrrrr! Uzi mwekundu ukapita juu ya sahihi, ukarudi, ukapita tena, mshono imara kama wa mfuko wa suruali ya kazi.

Saa sita kasoro dakika nane Mwalimu Mkuu alikuwa ameusoma waraka huo mara tatu. Akavuta kwa ukucha, uzi ukagoma. Akaleta wembe, lakini kila alipoujaribu, sahihi nayo ilitaka kuchanika.

"Mama huyu ana akili za kishetani!"

"Ni fundi, Mkuu," akajibu Mwalimu kwa unyenyekevu mkubwa.

Simu ikalia. Ni yule dada wa tiketi. "Jamani, nimebakiwa na dakika nne. Ishirini wametimia? Na wa bure ni nani?"

Mwalimu Mkuu akalitazama begi lake, bado limevishwa nailoni ya dukani. "Baada ya tafakuri ndefu," akanena, kwa sauti ya mfalme agawaye ufalme, "na kwa moyo mweupe, nimeamua mwenyewe kumpa nafasi hiyo Mwalimu wa Jiografia."

Basi andikeni, enyi watunza kumbukumbu, na wino usiwaishie: saa sita kasoro dakika moja kiti cha ishirini na moja kilitekwa, bila tone la damu kumwagika, ukiacha kidole cha Mkuu kilichochanjwa na wembe. Wajukuu wasimuliwe. Anayetaka kujenga sanamu na ajenge, mradi asituchangishe.

Saa nane Mwalimu aliingia darasani, akachora wingu ubaoni kama kawaida yake. Mkono mmoja ukanyooka kutoka dawati la nyuma.

"Mwalimu, juu ya mawingu kukoje?"

Akafungua kinywa atoe jibu la kitabu, lile la miaka ishirini na miwili. Akakifunga. Akaiweka chaki mezani, akajifuta mikono kwenye koti.

"Sijui," akasema. "Niulizeni nikirudi."