Posa Yangu Chini ya Mlima Meru

Jumanne, 6 Agosti 1957. Arusha mjini.

Nimefika! Siku mbili ndani ya basi kutoka Iramba, magoti yamekakamaa, vumbi mpaka kwenye meno. Lakini suti iko salama. Nimeishona mwenyewe, mimi Yoeli, fundi cherehani, na anayebisha aje aitazame kola.

Shabaha ya safari ni moja: Lydia. Alikuja kwetu kusomea ukunga. Nikamshonea sare tatu. Alipokuja kuchukua ya nne akaniambia kama nina nia, basi nikamwone baba yake, si kumshonea nguo kila mwezi. Moyo ulinidunda mpaka nikajichoma sindano.

Mji huu, lo! Maji yanapita kando ya barabara usiku na mchana kana kwamba hayana mwenyewe. Jioni nimesikia adhana, halafu kengele za hekalu la Wahindi, halafu kengele ya kanisa, zote kabla sijamaliza mtaa mmoja. Nikasimama katikati ya njia, kofia mkononi, mdomo wazi. Dereva wa lori akanitukana, na mama yangu akamwingiza humo humo.

Jambo moja linanitatiza. Wanasema mji uko chini ya mlima mkubwa. Nimeuliza watu wanne uko wapi. Wote wamenionyesha mawingu. Nadhani watu wa huku wanajivuna tu.

Jumatano, 7 Agosti. Tengeru.

Siku ya soko. Lydia alinipokea katikati ya mikungu ya ndizi, mzuri kuliko nilivyokumbuka. Njiani akaninong'oneza: baba hana shida na maskini, ila hawezi kukaa na mwongo nyumba moja. Nikamwambia asiwe na wasiwasi kabisa.

Baba yake ni Mzee Philemoni, mzee wa kanisa, mrefu, mkimya, ana kahawa na migomba mteremko mzima. Nikampa shikamoo. Akaitikia polepole. Nusu saa baadaye akaniuliza nina ng'ombe wangapi. Nikasema arobaini. Sijui walitoka wapi! Mjomba wangu anao sita, mmoja kipofu.

Nikatoa posa yangu; jibu nitapewa Jumapili baada ya ibada, na mpaka hapo nalala kwao. Na siko peke yangu. Kuna Elinaza, karani wa chama cha ushirika cha kahawa. Ana baiskeli yenye taa, na sauti ya besi ambayo akisalimia tu vikombe vinatikisika. Aliniuliza kama kwetu kuna milima. Nikamjibu ipo, na ya kwetu inaonekana.

Alhamisi, 8 Agosti.

Mpango: kumvulia mama mkwe samaki, ili Elinaza aonekane mtu wa makaratasi. Nikaazima ndoano kwa jirani, nikateremka Ziwa Duluti.

Mungu wangu. Msitu umelizunguka kama ukuta, miti imeinamia maji, na chini kabisa ziwa limetulia, la kijani, la mviringo. Wanasema hapo palikuwa na moto wa volkano, kisha moto ukaondoka na maji yakaingia. Nilikaa juu ya mzizi. Sikuwaza hata Lydia. Nilijiona mdogo, na nikafurahi kuwa mdogo, jambo ambalo si kawaida yangu. Nilipozinduka, samaki alikuwa ameondoka na ndoano, uzi na fimbo.

Nyumbani nikaeleza kwamba nilimpata mkubwa, nikamhurumia, nikamrudisha. Elinaza alikuwa amekaa hapo anakula loshoro yao ya mahindi na maziwa mgando kama mwenye nyumba. Akauliza ni samaki gani. Nikasema papa. Mzee akakohoa kwa muda mrefu.

Elinaza alipoingia ndani kunawa, nilitoa upepo kwenye magurudumu yote mawili. Amerudi kwao akisukuma. Leo nitalala vizuri.

Ijumaa, 9 Agosti.

Nimeuona!

Nilitoka alfajiri kunawa uso. Mawingu yakaanza kufunguka, nami nikatafuta mlima pale ninapotafuta siku zote. Hamna. Nikainua macho kidogo. Hamna. Nikainua tena, mahali ambapo mtu hutegemea kuona ndege tu, na pale ndipo ulipokuwa. Mweusi, umechongoka, jua linaugusa ncha. Siku zote hizi nilikuwa natafuta chini mno! Nikapiga magoti kwenye umande na suruali ya suti. Sikupanga. 

Kumbe Mzee alikuwa nyuma yangu. Hakucheka. Alinionyesha mashariki, Kilimanjaro ikimeta kwa mbali, nyeupe tupu. Akasema marehemu baba yake alikuwa akisimama hapo hapo kila asubuhi, kofia mkononi. Kisha akaniwekea mkono begani. Mkono mzito. Nusura nilie.

Halafu akili ikanijia. Mzee anapenda mtu anayestaajabu. Basi kuanzia kesho nitastaajabu mpaka wachoke wao!

Jumamosi, 10 Agosti.

Siku mbaya. 

Asubuhi Mzee alitupeleka misheni ya Nkoaranga, mimi, Lydia na Elinaza. Nikaanza kazi. Nikastaajabia kengele. Nikastaajabia mlango. Nikaona jengo refu la mawe, paa la bati, nikajua ndilo kanisa la kwanza la wamisionari. Nikapiga magoti, nikainua mikono, nikasema kwa sauti jinsi ninavyowasikia watakatifu ndani yake. Elinaza akaniarifu kwa ile besi yake kwamba ni banda la mashine ya kukobolea kahawa. Lydia aligeuka upande mwingine, mabega yanatikisika.

Mchana Elinaza akaleta mkungu wa ndizi mkubwa kama ndama. Mimi mikono mitupu! Nikazunguka nyuma ya migomba, nikaona kwenye mpaka wa shamba mimea mizuri, majani marefu ya kijani. Nikakata jani moja lililonyooka, nikalifunga fundo la kifundi, nikaenda kumpa Mzee kwa mikono miwili, nimeinama. Alikuwa amekaa na wazee wenzake wawili.

 Mama Lydia aliweka chungu chini. Mzee akasimama, akavua kofia, akapokea. Akaniuliza nimekosa nini. Akasema niseme yote, nisibakize.

Nikajua nimekamatwa! Nikasema. Ng'ombe arobaini, kumbe sita na si wangu. Papa. Ndoano ya jirani. Magurudumu ya Elinaza. Magoti ya leo, kwamba yalikuwa ya uongo. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Nilipomaliza Mzee akasema amesamehe, Elinaza naye akasema, huku amekunja uso, wazee wakaondoka mmoja mmoja.

Ndipo Lydia aliponieleza. Lile ni sale. Anayekuja na jani hilo anaomba msamaha, na anayeletewa hawezi kukataa. Mimi nililiona kama ua la mezani.

Lakini kusamehewa si kupewa mke. Jibu ni kesho. Nampenda yule msichana, nami nimejivua nguo zote mbele ya baba yake.

Jumapili, 11 Agosti.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Walipoimba, wanaume chini na wanawake juu, nilihisi benchi linatetemeka.

Tulipotoka, mawingu yakafunguka. Mlima ukasimama juu ya paa la kanisa. Nikapiga magoti tena, machozi yakashuka. Ya kweli! Watu wakatazamana. Elinaza akacheka puani. Nani angeniamini? Nilitaka kupiga kelele kwamba hii si kama ya jana, lakini hivyo ndivyo mwongo angesema.

Mzee alinisogelea. Kisha akavua kofia, akasimama kando yangu, akautazama mlima na mimi.

Jibu alilitoa hapo hapo. Amekuwa mzee wa kanisa miaka thelathini, ameona wengi wakileta sale kwa kusukumwa na ndugu, baada ya kukamatwa. Hajaona aliyelileta mwenyewe, hajashtakiwa na mtu, akafungua yote mpaka papa. Mtu huyo atampa binti yake. Jumapili ijayo ndoa itaanza kutangazwa.

Nilifungua mdomo niseme ukweli, kwamba nilidhani ni pambo. Lydia akanikanyaga mguu kwa kisigino. Nikafunga mdomo. Furaha niliyo nayo haina pa kuiweka.

Jumatatu, 12 Agosti.

Leo nimetulia, nimefikiri kama mtu mzima. Safari hii imenifundisha. Jani likiletwa, Mmeru hawezi kukataa kusamehe. Lydia ni Mmeru. Lydia atakuwa nyumbani kwangu siku zote.

Nimeamka kabla ya wenyeji, nikaenda mpakani na mkasi wangu wa kazi. Lydia alinikuta nayafunga majani ya sale ndani ya koti, akauliza ya nini. Nikamwambia pambo.

Nimekata ishirini. Ya mwaka wa kwanza tu.