Cheti cha Umwitu cha Muzet

Kwa mamlaka niliyokabidhiwa na Halmashauri, natangaza kwamba kulungu wa theluji aitwaye Muzet, umri miaka tisa, kazi yake kuvuta sleji, makazi yake nyuma ya nyumba ya mama yangu mkubwa, kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi ni mnyama wa mwitu. Yeyote atakayemkuna shingo au kumfunga hatamu atahesabika anaingilia maumbile.

Tangazo hilo niliandika mimi. Naitwa Heaika, nina miaka kumi na tisa, nimemaliza shule mwezi wa sita, na ukiondoa wiki mbili nilizouza mafuta ya pikipiki za theluji, hii ndiyo kazi yangu ya kwanza: Kaimu Afisa Umwitu. Kaimu kwa sababu afisa mwenyewe hajawahi kuajiriwa. Nina meza, nina muhuri, nina kizibao kinachong'aa gizani. Watu waliokuwa wananicheka kwenye hesabu sasa wakinikuta dukani wanasema habari za kazi, Afisa. Wengine wanacheka huku wanasema, lakini wanasema.

Chanzo cha yote ni barua. Mheshimiwa Cornelius Brekkhus, Katibu Mkuu wa Wizara ya Maisha ya Nje huko mji mkuu, alitaka kuja kwetu kuwinda. Siyo kuwinda ale, nyama anayo. Kuwinda kwa burudani, "mtu na maumbile uso kwa uso", ndivyo barua ilivyosema. Alitaka dume mwenye pembe za kujaza ukuta wa ukumbi wa mikutano. Mkurugenzi wetu, Ingvald Tveitnes, anangoja saini ya Wizara hiyo kwa ajili ya daraja, huu mwaka wa sita, kwa hiyo aliijibu barua kabla hajamaliza kuisoma.

Sasa kulikuwa na vikwazo viwili vidogo vya kiutendaji.

Cha kwanza, huku kwetu kulungu wa mwitu hayupo. Wapo wanaozurura porini, miezi mizima hakuna anayewaona, lakini kila mmoja masikio yake yamechongwa kwa kisu, na ukiyasoma yale mapengo unajua mwenyewe, yaani mwenye mali, ni nani, babake ni nani, na kama ukoo wenu na wao mnasalimiana. Nusu wa pori, nusu wa nyumbani. Mwalimu wangu wa darasa alikuwa anasema hivyo hivyo kuhusu mimi.

Cha pili, kalenda. Mheshimiwa alikuwa na nafasi wiki ya mwisho ya Novemba tu. Wiki hiyo madume wameshamaliza shughuli zao za kupanda majike, wamechoka, wamekonda, pembe zimeanguka. Wanaobaki na pembe ni majike na waliohasiwa. Na katika waliohasiwa, mwenye pembe kubwa kuliko wote wilaya nzima ni Muzet. Basi Kamati ya Maadili ya Uwindaji wa Burudani ilikaa: Mkurugenzi mwenyekiti, mimi katibu, kiti cha tatu kina koti la Mkurugenzi. Tukapitisha kwamba Muzet ni "dume katika kilele cha nguvu zake". Mkurugenzi aliuliza kama kuhasiwa hakutaleta utata. Nikamwambia kwenye fomu hakuna sehemu ya kuandika hilo. Akasema basi hakuna utata.

Lakini maadili ni maadili. Mwongozo wa Wizara yenyewe unasema kumpiga risasi mnyama wa kufugwa kwa kujifurahisha ni aibu. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nikavumbua Cheti cha Umwitu. Mnyama akikaa saa arobaini na nane bila mwenyewe kuonekana naye, na akiulizwa asitoe maelezo, anapewa cheti. Muzet alikuwa na siku ya tatu kwenye maegesho ya Halmashauri, anatafuna nyaya za taa za Krismasi. Nilishuka nikamuuliza ana shughuli gani pale. Hakutoa maelezo. Nikagonga muhuri.

Barua ya taarifa nilimpelekea mama mkubwa kwa mkono, kwa sababu naishi kwake na stempu ni gharama. Ravdna ni dada mkubwa wa mama yangu, mwanamke mfupi, mabega mapana, na ukimpa karatasi huwa anaisoma mpaka chini kabisa, hata jina la kiwanda cha karatasi. Nilimkuta jikoni mchana anakoroga mchuzi. Nikamsomea fomu. Palikuwa na swali la idadi ya kulungu alionao, na hapo nakiri nilipata shida, maana kwetu kumuuliza mtu ana kulungu wangapi ni sawa na kumpekua pochi mbele za watu. Akanijibu kama wanavyojibu wote wasiotaka kutaja idadi: wako pande zote mbili za mti. Nikaandika: pande zote mbili za mti.

Halafu tukaifikia sehemu ya Muzet. Akazima jiko.

"Wiki ijayo tunavuka mto," akasema. "Barafu bado changa. Muzet ndiye anayeijua. Akitangulia wote wanamfuata, akisimama wanasimama. Mkimuua, kundi langu nani atalitangulia? Wewe na hicho kizibao?"

Nikamweleza kwa upole kwamba maslahi ya taifa.

"Heaika. Mimi nachinja tangu nina miaka kumi na moja. Namshika, namtazama, kisu, basi. Tunakula mpaka uboho, ngozi tunalalia. Hakuna hata mmoja niliyewahi kumwita adui yangu. Sasa huyo bwana anataka mnyama anayemjia mtu kwa sababu ameishi na watu, amtwange risasi, halafu akasimulie walipambana?"

Nikasema hayo ni maoni na maoni yana fomu yake. Akanipakulia viazi vitupu.

Jumamosi, mnamo saa tano na nusu, mwanga wa bluu ule tunaoupata mchana umeshapanda, tulikuwa tambarare ya juu ya zizi la kutenganishia. Kundi la mama mkubwa lilikuwa pale kwa sababu ndiyo majira ya kutenganisha, nani wa nani. Yeye mwenyewe alikuwa mlangoni mwa zizi, hakutusalimia. Mheshimiwa Brekkhus alikuwa mtu mrefu mwenye nguo mpya za uwindaji, mpya kiasi kwamba akitembea zinapiga kelele kuliko pikipiki. Muzet alikuwa amesimama hatua hamsini. Kengele ya shingoni nilimvua mimi asubuhi ile. Mnyama wa mwitu mwenye kengele anazua maswali.

Mheshimiwa akalala kifudifudi kwenye theluji, akashika bunduki, akafumba jicho moja. Muzet akaja kuona kuna nini. Alikuja taratibu, akainama, akapumulia kile kioo cha kulengea mpaka kikawa cheupe.

Mheshimiwa akasimama akajifuta. Alisema yeye ni mwanamichezo, hawezi kupiga kitu kinachomnusa. Alitaka kikimbie kwanza. Akamwagiza Mkurugenzi akiambie kikimbie.

Hatua zifuatazo zilichukuliwa kwa mujibu wa taratibu. Mimi nilimsomea Muzet cheti chake kwa sauti, ajue hali yake kisheria. Mkurugenzi akapiga makofi. Mkurugenzi akarusha kofia. Mkurugenzi akabweka, na nasema bila upendeleo kwamba alibweka vizuri, lakini Muzet amekulia na mbwa. Alilala chini akaanza kucheua. Mheshimiwa alipima kama anaweza kumpiga akiwa amelala, akaona picha itakuwa mbaya.

Ikabidi Kamati ikae kikao cha dharura palepale, juu ya boksi la chakula. Mheshimiwa ndiye aliyetoa hoja, na ilikuwa hoja safi: tusisumbuke na mnyama alizaliwa wapi, tuangalie mwenendo. Azimio likasomeka hivi: "Katika uwanja wa uwindaji, anayekimbia ndiye mwitu, anayemfuata ndiye mwindaji. Hatua kumi zinatosha." Lengo lilikuwa Muzet akisogea hata kwa bahati mbaya, tumalize kazi. Mkurugenzi akatia saini, mimi nikatia saini, Mheshimiwa akatia saini kama shahidi. Tukapongezana kwa kahawa. Mheshimiwa alikunywa vikombe vinne, baridi ilikuwa kali.

Na kahawa ina njia zake. Mheshimiwa akaegemeza bunduki kwenye mti, akazunguka nyuma yake kidogo.

Mtu yeyote aliyekulia hapa anajua, hata mtoto wa miaka mitatu anajua: hukojoi karibu na kulungu wa kufugwa ila kama unamwita. Wanapenda ile chumvi kuliko kitu chochote duniani. Ndivyo wanavyoshikwa wale wagumu. Mheshimiwa hakuambiwa. Halikuwa kwenye ajenda.

Muzet aliinua pua. Akasimama. Akaanza kutembea, halafu akatembea haraka, halafu ule mchapuko wa kuvuta sleji, vifundo vinalia ta-ta-ta, pembe mbele. Mheshimiwa aligeuka akaona ukuta wake wa mikutano unamjia. Akakimbia. Mkono mmoja umeshika suruali, mwingine unaomba msaada. Muzet akamfuata, maana chumvi ndiyo hiyo inaondoka. Na Muzet akitangulia, wote wanafuata. Kundi zima likageuka kama maji, pande zote mbili za mti.

Zizi letu lina mikono miwili ya nyavu, mipana huko juu, inabana kadiri unavyoshuka. Ukishaingia katikati huna pa kwenda ila mlangoni. Mheshimiwa aliingia wa kwanza, Muzet wa pili, wengine wakamalizikia. Mama mkubwa akafunga mlango, kama anavyofunga siku zote.

Mkurugenzi aliniangalia. Mimi nilikuwa napima. Hatua mia mbili na arobaini. Nikamweleza kwamba kwa mujibu wa azimio, ambalo wino wake ulikuwa haujakauka, Mheshimiwa alikimbia na Muzet alifuata. Muhuri ulikuwa umeganda, nikaupulizia, nikatoa Cheti cha Umwitu namba mbili, kwa jina la Mheshimiwa.

Ndani ya zizi kulungu wanazunguka, ndiyo tabia yao, wote upande mmoja. Mheshimiwa naye akawa anazunguka, angefanya nini. Mama mkubwa akaingia katikati na kamba yake begani, anasoma masikio: huyu wangu, huyu wa binamu, huyu wa wale wa ng'ambo. Mheshimiwa alipopita akamvua kofia. Akatazama sikio la kushoto, akatazama la kulia.

"Hana alama," akasema. "Huyu si wa mtu."

Mheshimiwa alimwambia Mkurugenzi amalize upuuzi huu. Mkurugenzi, mtu wa taratibu, akaanza kusoma kibali cha uwindaji kwa sauti, na jinsi alivyokuwa anasoma ndivyo sauti ilivyokuwa inapungua: mnyama mmoja wa mwitu, dume, mpaka Jumapili jioni, jina la mwindaji limeachwa wazi. Bunduki ilikuwa bado imeegemea mti. Mama mkubwa akauliza kama "katika kilele cha nguvu zake" bado inahitajika. Mkurugenzi akasema kwa hilo itabidi Kamati ikae.

"Futa hicho cheti," Mheshimiwa akaniambia. Alikuwa anahema.

Nikamweleza kwa masikitiko kwamba kufuta cheti hakuna fomu, mwenye uwezo huo ni Wizara peke yake.

"Wizara ni mimi."

Nikampitishia karatasi na kalamu juu ya uzio. Mama mkubwa akamtajia maneno, pole pole, kama mtu anayetajia mtoto imla: kiumbe mwenye mwenyewe hawi mwitu kwa karatasi, wala hawindwi kwa burudani, vyeti vyote vya aina hiyo, vya zamani na vijavyo, vimefutwa. Mheshimiwa akaandika yote. Pa kuandikia palikosekana, akaandikia mgongoni mwa Muzet, ambaye alitulia kama meza ya serikali. Saini, tarehe, cheo. Mama mkubwa akaisoma mpaka chini, akaikunja, akaiweka kifuani. Halafu akamkuna Muzet shingo, na kuanzia dakika ile halikuwa kosa.

"Fungua mlango," Mheshimiwa akasema.

Hapo nilikuwa na la kuongeza kama mtaalamu. Hati ile inamlinda kiumbe mwenye mwenyewe. Muzet masikio yake yanajieleza. Yeye Mheshimiwa, mwenyewe wake ni nani?

Akachukua kalamu, akaandika: Wizara.

Mama mkubwa alitikisa kichwa. Alisema wiki hii ameona karatasi inavyoweza kusema chochote, na kwamba yeye mnyama wa nyumbani huwa anamtambua kwa macho. Akatoka nje ya zizi, akafungua mlango nafasi ya mtu mmoja, akasimama hatua chache kutoka pale. Akatoa mfukoni kipande cha mkate mkavu, akakishika kiganjani, mkono wazi.

"Njoo, Cornelius," akasema, sauti ile ile anayowaitia wote. "Njoo, baba."

Mheshimiwa alimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa anatazama buti zake. Kulungu walikuwa wamesimama, wanasubiri kuona.

Nilitoa daftari la kumbukumbu nikaandika kwa usahihi, kama kazi yangu inavyotaka: saa saba na dakika kumi na mbili mchana. Ameitwa mara moja. Amekuja. Na mkate amekula.