Mukutano wa Mauzo Kwangu Cimpunda

Leo nimepata haya ya kunitosha mwaka muzima. Na niliitafuta mimi mwenyewe.

Munajua nauzisha mbabula, majiko ya makaa, zile za kisasa zenye kukula makala kidogo. Kila Jumatatu wauzaji tunakutana kule biro, ofisi yetu ya Muhumba. Mukutano gani! Chef wetu, Papa Déo, anasoma karatasi, sisi tunasinzia. Maman Furaha yeye anakoroma kabisa (na miwani kwenye macho, ionekane anafuata).

Leo Papa Déo akachoka. Akapiga karatasi kwenye meza.

"Mwenye ataleta wazo la kuamsha hii ekipe, ndiye atakuwa chef wa ekipe. Na mushahara wa kila mwezi!"

Mushahara! Mimi ninayelipwa kwa mbabula moja-moja, na mutoto wa miezi nane nyumbani! Mukono ulipanda mbele ya akili.

"Papa chef, karatasi haiivishe maharagi! Tukutane nyumbani kwa muuzaji, kila juma kwa mwingine. Apike na mbabula yetu, tukule, kila mutu aseme namna anauzisha."

Watu wakaamka. Maman Furaha akavua miwani. "Tumupigie ban!" Makofi tatu, tatu, tatu. Nikakaa kama chef tayari.

"Wazo iko muzuri sana," Papa Déo akasema. "Tuanzie kwako. Sasa hivi."

Sasa hivi?! Mimi nilifikiri juma lijalo (ningepanga nyumba, ningepanga na uongo wangu). Sababu miezi mitatu nawaambia wateja: "Mimi mbabula ya zamani niliitupa!"

"Papa chef, kwangu Cimpunda ni kupanda sana..."

"Tutapanda."

Tukapanda, watu saba. Njiani napigia maman mukwe, yeye ndiye anabaki na mutoto. Simu inalia, hapokei. (Anaifungia mu kabati, eti isichoke.)

Moshi ndio ulitupokea kwanza. Maman mukwe, mutoto mugongoni, anapepea mbabula ya zamani, makala imejaa mpaka juu, maharagi yanatokota.

"Karibuni, batoto yangu! Mukae."

Papa Déo akaangalia huku na huku. "Maman, na mbabula yetu?"

Nilimukodolea maman mukwe macho karibu yatoke. Hakuona.

"Ile nyekundu? Iko hapa nyuma ya mulango."

Akavuta mulango. Kuku! Amelalia mayai ndani ya mbabula ya kisasa, juu ya majani makavu, anatuangalia kama watu wasiojua kupiga hodi. Maman Furaha alicheka mpaka akakaa chini.

Ningecheka naye, ingekwisha. Lakini mimi nikawaka. Nikamugeukia maman mukwe, mbele ya wageni wote:

"Nani alikuambia uweke kuku mule? Unaniharibia kazi! Ninyi watu wa kijiji mutajua lini kupika?"

Kuku akaguna.

Maman mukwe hakupiga kelele (afazali angepiga). Akafungua kitenge, akanipa mutoto wangu, akasema polepole:

"Si ni wewe ulisema hii inachelewesha maharagi? Ukasema tumupatie kuku, angalau atotoe."

Nilisema. Kwa kinywa hiki.

"Inachelewesha kweli?" Papa Déo akauliza.

Maman mukwe akainama, akamuonyesha. "Huu mulango wa chini wa mbabula ni mudogo. Moto haupumue."

Hapo kila mutu akapata sauti. Kumbe hata Maman Furaha, kwake ile mbabula inawekwa vitunguu! Papa Déo akaandika yote. Mara ya kwanza namuona anaandika badala ya kusoma. Mukutano ukachangamka, maharagi yakaisha. Na mushahara wangu?

"Tutaona," alisema, akiangalia kuku.

Wameenda. Maman mukwe amekaa nje, anachagua maharagi ya kesho. Nimemuomba musamaha mara tatu. Anajibu kitu kimoja tu: "Mwanangu, sisi watu wa kijiji tunasikia polepole."

Kama ni lazima mucheke, mucheke kidogo-kidogo. Kuku bado analalia.