Asali ya Posa Imetoka Kwenye Maboga Yangu

Nyamirambo, Machi 1990

Kwa Bwana Konseye, diwani wa sekta yetu,

Nakuandikia kwa adabu, na cherehani nimeisimamisha, kwa hiyo ujue jambo si dogo. Jirani yangu Bayingana, ambaye mwanawe anamwoa binti yangu Gaju baada ya mavuno, anafuga nyuki. Nyuki hao wananiibia.

1. Kila asubuhi wanaingia bila hodi kwenye maua ya maboga niliyoyapanda kwa ajili ya karamu ya harusi. Nyuki anaingia mwembamba, anatoka na mizigo miwili ya unga wa njano, kila mguu wa nyuma na wake, kama mchukuzi wa mizigo wa soko la Nyabugogo. Ila mchukuzi wa Nyabugogo ametumwa na mwenye mali.

2. Maji matamu ya ua wanayameza. Mali iliyo tumboni utaipekua vipi?

3. Nilipokwenda kulalamika, Bayingana alicheka. Akasema, "Mkwe, nyuki akipata ua zuri, hurudi mzingani akawachezea wenzake ngoma. Anatikisa kiuno kuwaonyesha ni upande gani na ni mbali kiasi gani." Amekiri mwenyewe, Bwana Konseye. Wezi wanaelekezwa kwangu kwa ngoma.

4. Hili ndilo linaloniuma. Bwana huyo anakusudia kuniletea mtungi wa asali kama posa. Yaani nipokee mali yangu mwenyewe mbele ya wageni, nishukuru, halafu nimtoe na binti. Piga hesabu: amechukua viwili, ameleta sifuri.

Naomba uamue kwamba asali ni yangu, naye alete ng'ombe. Wakati nangoja, nimelishonea kila ua kikofia cha kitambaa chenye kamba ya kukaza shingoni. Hakuna nyuki aliyeingia tena. Wapita njia wanacheka, lakini maboga yangu yamevaa vizuri kuliko wao.

Nisalimie mama watoto, karani wako, na kila mtu asiyefuga nyuki.

Mimi raia wako,
Sangwa, fundi cherehani

Nyongeza: Kabla sijaileta barua hii, viboga vichanga vyote vimenyauka na kuanguka. Mke wangu Donatille anauliza kama wageni watakula vikofia. Bayingana anasema nyuki wasipohamisha ule unga ua hadi ua, boga halishiki. Nimevua vikofia vyote, lakini nyuki wameshahamia kwenye maua ya jirani mwingine. Tafadhali mwamuru Bayingana awarudishe kwangu; asali nitaipokea, na ng'ombe abaki naye. Kama wamesahau njia, niko tayari kwenda mzingani kuwachezea hiyo ngoma mimi mwenyewe, na kiuno nitatikisa.