Stika Iliyobandikwa Mapema

Gazeti lilifika kwenye mgahawa wa Wanda kabla ya maziwa, na amani ya kaunta ikaishia hapo. Chuo kimoja cha wanawake, ng'ambo ya mpaka wa jimbo letu, kimetangaza kwamba mwaka ujao wa masomo kitapokea na wavulana. Askofu aliisoma habari hiyo kwa sauti, kidole kikifuata mstari, kisha akalikunja gazeti kama wakili aliyeshinda kesi.

Askofu si askofu. Ni Stan Wojcik, fundi bomba mstaafu, na jina alilipata kwa tabia yake ya kubariki jambo kabla hajalielewa. Kushoto kwake hukaa Jaji, yaani Earl Tibbets, dereva wa basi la shule, ambaye hukumu huitoa kwanza na ushahidi huutafuta baadaye. Wa tatu ni Roland Gagnon. Huyo tunamwita Koleo, kwa sababu majira ya baridi ndiye anayezoa theluji mji mzima. Asubuhi hiyo, tarehe mosi Mei, kesi ilikuwa ya kwake.

Binti yake, Maren, huhudumia pale kwa Wanda kabla ya kwenda shule. Vyuo viwili vilikuwa vimemkubali. Penhallow ni cha wanawake watupu, nusu saa kutoka kwetu. Ashgrove ni cha mchanganyiko, kiko Maine, jimbo la kaskazini, mwendo wa kutwa nzima kwa mtu anayependa kusimama njiani. Vyote ni vidogo, vya kusoma falsafa na nyota na historia bila mtu kukuharakisha uwe mhasibu. Vyote viwili viliahidi kumsaidia ada sawasawa, kwa hiyo pesa, ambayo mjini kwetu huamua kila kitu, safari hii iligoma kuamua. Siku ya kujibu ilikuwa inaishia usiku huo.

Sasa, kwetu hakuna asiyejua kwamba stika ya chuo haibandikwi kwenye gari mpaka mtoto awe amejibu. Ni nuksi. Watu huzificha stika kwenye droo ya vijiko. Lakini Koleo alikuwa ameshabandika ya Penhallow kwenye kioo cha nyuma cha pikapu yake tangu Pasaka, na ilikuwa imekaa upande. Maren alipoiona alisema tu kwamba imekaa upande.

Mimi nilikuwa kwenye meza ya dirishani na mwanangu Tess, tukisubiri kituo cha kulelea watoto kifunguliwe.

"Mmeona?" Askofu alisema. "Hata wenyewe wameshindwa. Dunia ni mchanganyiko, kaka. Ukimfungia binti na wanawake watupu miaka minne, siku akikutana na mwanamume ofisini atadhani amekuja kutengeneza kiyoyozi."

"Mara nyingi ndicho alichokuja kufanya," Wanda akasema, akigeuza mayai.

Jaji akaweka kikombe chini. Yeye, alisema, huwabeba wavulana kila siku ya Mungu, na ameshaokota sandwichi darini.

"Darini, Askofu. Ilikuwa imeganda pale kwa jemu. Hakuna msichana aliyewahi kulibandika dari la basi langu mkate."

"Hao ni watoto. Watakua."

"Wewe umekua?"

Maren alikuja na birika la kahawa. Siku ya kwanza ya Mei wanafunzi wa mwaka wa mwisho huenda shule wamevaa sweta lenye jina la chuo walichochagua, na mimi niliuona ukosi wa sweta la kijivu ukichungulia juu ya aproni yake. Bahati mbaya vyuo vyote viwili sweta zao ni za kijivu. Wale watatu hawakuona kitu, maana walikuwa wanatazamana wenyewe.

"Mimi kwa kweli nime—" Maren alianza.

"Maziwa kidogo, mwanangu," Askofu akamwambia, halafu akaendelea kueleza jinsi msichana kwenye chuo cha mchanganyiko anavyozoea kusema mbele ya wanaume bila kukatizwa.

Jaji akapinga. Ni Penhallow, alisema, ndiko msichana anakosikilizwa hasa. Maren akafungua mdomo tena. Jaji akainua kiganja, kwa upole kabisa, kama anavyosimamisha magari mbele ya basi, ili amalizie kwanza hoja yake kuhusu kuwasikiliza wasichana.

Basi wakaamua kupiga kura kwa vikopo vya jemu, stroberi kwa Penhallow, zabibu kwa Ashgrove. Jaji aliweka stroberi. Askofu aliweka zabibu. Koleo alisukuma stroberi mbele polepole. Wanda alikataa kupiga kura. Tess alipewa vikopo vyote viwili akavitupa sakafuni, kura ikahesabiwa kuwa imeharibika. Maren hakupewa jemu. Aliombwa ahesabu.

"Mbili kwa moja," akasema, akaviokota vile vya Tess.

"Koleo," Wanda akaita bila kugeuka. "Sema ukweli kabla kahawa haijapoa. Unaogopa wavulana, au unaogopa barabara ya Maine?"

Koleo alikizungusha kikombe chake. Mjini wote tunajua kwamba mama yake Maren alihamia Arizona zamani, na kwamba ile nyumba ina watu wawili tu na televisheni.

"Barabara ya Penhallow naizoa theluji mwenyewe," akasema. "Theluji ikianguka saa yoyote, naamka, naisafisha mpaka mlangoni kwake. Ile ya Maine ina wenyewe."

Maren alisimama na birika mkononi, kisha akaliweka, akapeleka mikono mgongoni na kufungua aproni. Muda wa basi ulikuwa umefika.

Kifuani sweta lilikuwa limeandikwa ASHGROVE.

Askofu akanyoosha mikono juu kama aliyefunga bao. Jaji aliuliza nani amemshauri mtoto.

"Nyie," Maren akajibu. "Nililala Penhallow usiku mmoja. Nilipokuwa nasema walingoja nimalize, nikakosa hata pa kuweka mikono. Nilipapenda mno. Lakini nimewahudumia nyie miaka miwili, anko. Nimeona mvulana asiyekatizwa anavyokuwa akifika miaka sabini. Bora niwawahi wengine wakiwa bado na kumi na nane."

Wanda alicheka mpaka mayai yakaungua. Askofu akamuuliza Maren ana maana gani hasa, na kabla hajajibu akaanza kumweleza.

Koleo alikuwa anaangalia zile herufi. "Umejibu lini?"

"Jana. Ulikuwa umelala kwenye kochi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshabandika, Baba."

Akachomoa stika mpya kutoka mfuko wa aproni, akaiweka kando ya sahani ya baba yake, karibu na kikopo cha stroberi. "Usiibandike juu ya ile. Toa ya zamani kwanza. Na hii uinyooshe."

Akambusu kwenye kofia, akatoka na Jaji. Basi la njano lilipopita dirishani Maren alikuwa amekaa kiti cha mbele, nyuma ya dereva, na kwa jinsi mikono ya Jaji ilivyokuwa inachezacheza juu ya usukani, Jaji alikuwa bado ana hoja.

Nilipotoka na Tess, nilimkuta Koleo nyuma ya pikapu na kile kikwanguo chake cha barafu. Askofu alikuwa amemsimamia akisisitiza atumie siki, tena siki ya moto, na alipoulizwa amewahi kutoa stika kwa siki alisema hapana lakini kanuni ndiyo hiyo. Penhallow ilikuwa imebaki herufi nne.

Koleo aliniona, akaacha kukwangua.

"Wewe uliwahi kuishi huko juu," akaniambia. "Maine theluji inaanza lini?"

Nikamwambia miaka mingine hata Oktoba.

Akampungia Tess mkono, akarudi kwenye kioo. "Basi mwaka huu," akasema, "matairi ya theluji nitayafunga mapema."