Kochi la Magurudumu Mawili

Jumatatu, 3 Juni

Mke wangu ametoa hukumu. Ameitoa huku akisahihisha madaftari, bila kuinua kichwa. Shule zinafungwa, Ijumaa tunakwenda kwa mama yake, kilomita mia nne na themanini. Atapanda pikipiki yangu mara hii moja tu. Akifika anaumwa kama safari iliyopita, basi yeye na pikipiki ndiyo mwisho. Atakuwa anapanda basi, nami niko huru kuzunguka dunia peke yangu.

Peke yangu! Pikipiki ile ni ya watu wawili. Ndefu, nzito, usukani mpana, miguu unainyoosha mbele kama uko sebuleni. Karakanani nimebandika ramani, nimezungushia wino mwekundu kila mji tutakaoufikia nikistaafu. Tutakaoufikia, sio nitakaoufikia. Nimeinuka kwa hasira mpaka chai imemwagika kwenye daftari la mtoto wa watu.

Mbaya zaidi, tunaongozana na shemeji, mdogo wake mke wangu. Mpima ardhi. Ana pikipiki ya aina ileile, ila yake ina kioo cha kukinga upepo na egemeo kwa abiria. Amesema, kwa upole wa kuudhi, kwamba dada yake akichoka nafasi ipo.

Nafasi ipo. Mimi ni fundi makochi mwaka wa ishirini na mbili huu. Leo nifundishwe kukalisha watu na mpima ardhi?

Jumanne, 4 Juni

Nimefunga karakana kwa wateja. Kuna kochi la watu watatu limebaki mifupa, mwenyewe atasubiri. Nimeng'oa kiti cha pikipiki, mbele na nyuma. Sponji lake gumu kama mkate wa juzi. Ndiyo maana mtu anaumia! Nimeweka sponji laini tabaka nne, springi sita chini yake, juu leza, ile ngozi ya bandia, ya rangi ya damu ya mzee, na vifungo kumi na viwili vya kudidimiza, vile vya makochi ya wakubwa. Nimekaa. Nimezama. Machozi yamenilenga.

Tatizo dogo. Kiti kimepanda juu, na nikikaa visigino havifiki chini. Vidole vinafika. Kwa mtu makini vidole vinatosha. Kwa usalama zaidi nimebandika soli ya pili kwenye buti kwa gundi ya makochi.

Jumatano, 5 Juni

Majaribio. Nimemzungusha mke wangu mitaa mitatu, dakika kumi. Ameshuka anatabasamu, anasema ni laini kweli, hakutegemea. Nimevimba kichwa kwa muda wa kama nusu saa.

Kisha akaja shemeji. Akabonyeza kiti kwa kidole gumba, kidole kikapotea. Akauliza kama nimeshakikalia saa nzima. Akasema sponji laini likishalala unabaki umekalia bati, na kwamba kiti cha safari ndefu kazi yake ni kukubeba, sio kukumeza. Wivu. Naandika hapa ili ibaki kwenye kumbukumbu: wivu.

Ila hilo neno "saa nzima" halikunitoka akilini. Mchana nimejifungia karakanani, nikapanda pikipiki ikiwa kwenye stendi, nikatega saa. Dakika ya ishirini na tano makalio yakafa ganzi. Dakika ya thelathini na mbili niliweza kuzihesabu springi zote sita bila kuziona. Kurudisha sponji la zamani haiwezekani, nimeshalikatakata kuwa mito ya yule mteja wa kochi.

Sina hamu ya kula.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata dawa. Kama mtu hakai zaidi ya dakika ishirini, haumii. Kwa hiyo kiti sikigusi, narekebisha safari. Nitasimama kila baada ya kilomita ishirini na kitu, vituo ishirini na kimoja, na kila kituo na sababu yake. Kukagua mnyororo. Kukaza kioo cha pembeni. Kupoza injini. Kupiga picha mlima. Kupiga picha mlima uleule kwa upande mwingine. Nimefika sababu kumi na nne, akili imegoma. Saba zilizobaki Mungu ataleta njiani.

Jioni mke wangu ameuliza mbona uso umenisinyaa. Nimesema ni furaha ya safari. Akaanza kunieleza kitu kuhusu mabega yake, nikamkatiza kwa upendo, nikamwambia atulie, kila kitu kimeshughulikiwa. Akarudi kwenye madaftari yake. Nadhani ametulia.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika nikiwa kwa mama mkwe. Nimefika. Hilo ndilo jema pekee la leo.

Tumetoka saa kumi na mbili asubuhi. Kituo cha kwanza, mnyororo. Cha pili, kioo. Cha tatu, injini. Kituo cha sita nikiupiga picha mlima kwa upande wa pili, mke wangu alitazama saa yake. Yeye ni mwalimu wa hesabu, nilipaswa kuliona hilo mapema. Akasema kwa mwendo huu tutafika saa mbili usiku, na mama yake anatungoja na chakula cha mchana. Shemeji alikuwa amekaa kwenye pikipiki yake, anakula karanga.

Hofu ikanipeleka upande wa pili. Nikafunga safari ya dakika hamsini bila kusimama. Springi zikaamka. Mke wangu akanishika kiuno kwa nguvu. Nilitaka kumuuliza kama anaumia, nikaogopa jibu. Roho ikiwa juu hivyo mkono unacheza wenyewe, nikawa nafunga breki kwa kila shimo, kila lori, na mara moja kwa kivuli cha nguzo ya simu.

Kwenye kituo cha mafuta nikafunga breki ya mwisho, nikateremsha mguu. Soli ya pili ilikuwa imebaki huko nyuma, sijui kilomita ya ngapi. Mguu ukatafuta ardhi, haukuipata. Tukaanguka taratibu, kwa heshima zote, mbele ya watu. Hakuna aliyeumia. Kiti kilitupokea vizuri sana, lazima hilo lisemwe. Mhudumu akauliza kama tunaweka mafuta tukiwa hivyohivyo.

Mke wangu akainuka, akajipangusa, akayasugua mabega yake. Akachukua mkoba wake, akaenda kupanda nyuma ya shemeji.

Kilomita zaidi ya mia tatu nimekwenda nyuma yao. Nilimwona anaegemea. Halafu nikamwona anaachia mikono, anamwonyesha mdogo wake kitu bondeni. Kwangu hajawahi kuachia hata mkono mmoja. Nimelia kidogo ndani ya kofia, kioo kikaingia ukungu, ikabidi nisimame. Hicho ndicho kituo pekee ambacho sikuhitaji kukitungia sababu.

Jumamosi, 8 Juni

Mama mkwe ni mkunga mstaafu, hana maneno mengi. Siku nzima hukaa dirishani kwenye kiti chake cha mikono. Kiti cha mbao nzito, mgongo umepinda vizuri, umevikwa ngozi halisi. Jicho la fundi halikosei. Nimekitazama mpaka akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Baada ya chakula mke wangu ameniita uani. Amezungumza polepole, kama anavyofanya na mwanafunzi anayerudia darasa. Amesema shida haijawahi kuwa kiti. Shida ni breki. Ninafunga breki kama mtu anayeua mende, na kila nikifunga anajikaza mabega asinigonge, saa nane mfululizo. Alhamisi alitaka kuniambia hivyo. Amesema ile ramani ya karakanani anaipenda, na miji ile anataka kuifikia, na anataka kuifikia na mimi. Sharti lake moja. Kesho kabla ya kuondoka nimuulize anahitaji nini, na njiani kila nusu saa nimuulize vipi huko nyuma, kisha nisikilize jibu. Nikifanya hivyo anapanda kwangu.

Nilifurahi mpaka nikamkumbatia hapohapo uani. Shemeji ameshazitoa springi zangu na kuweka blanketi lililokunjwa. Nimemruhusu, sina kinyongo leo.

Nimeelewa. Nimeelewa kila kitu. Shida ni mabega. Mtu wa mabega anahitaji egemeo.

Jumapili, 9 Juni

Kituo cha mafuta, saa tatu asubuhi. Naandika nimesimama.

Alfajiri, wao wakiwa jikoni, nimefungua mgongo wa kile kiti. Skrubu nne tu! Nimeufunga nyuma ya pikipiki kwa mikanda ya chuma. Kazi safi, haitikisiki. Nilikuwa nakaza ya mwisho mke wangu akatokea, kofia kichwani. Akauliza kama nina la kumuuliza. Nikamwambia asiniharibie, hii ni zawadi, apande tu. Akauliza tena kama kweli sina la kumuuliza. Nikasema maswali ya nini, jibu si hili hapa. Akafunga mkanda wa kofia yake, kisha akaenda kupanda nyuma ya shemeji. Wameondoka. Sijui nilikosea wapi, nadhani ni rangi ya ngozi. Moyo unaniuma kweli.

Halafu akatoka mama mkwe na kikombe chake, anautafuta mgongo wa kiti. Akauona. Akaweka kikombe chini, akaingia ndani, akarudi na begi na kofia ya akiba ya shemeji. Akasema kiti chake hakiendi popote bila yeye, na kwamba atakaa kwetu mpaka kirudi kama kilivyokuwa, hata ikiwa mwaka. Sehemu iliyobaki ya kiti, miguu na mikono, nimeifungua na kuifunga pembeni. Akapanda.

Mpaka sasa tumemaliza kilomita mia moja na ishirini. Hajatamka neno hata moja. Hapa pia amekataa kushuka, amekaa palepale juu, macho ameyafumba, mikono yote miwili imeshika chuma. Starehe tupu. Nilifikiria kumuuliza vipi huko nyuma, nikaona hapana. Mtu aliyestarehe hasumbuliwi na maswali.