Nyumba za Kumi za Nyarusenga

Jumatatu, 1 Machi 1976. Kasulu.
Siku ya mwisho ya mafunzo. Bibi Winifrida wa afya ametufundisha sampuli. Alileta gunia la maharage kutoka sokoni. Ya juu mazuri, yanang'aa. Akazamisha mkono mpaka kwapani, akatoa ya chini: yametobolewa na wadudu. Akasema anayechota juu tu anamjua mwuzaji, gunia halijui. Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, maana alikuwa ananitazama. Kwa nini mimi? Bado sijafanya kitu!

Kazi: katika kila nyumba kumi tunaingia moja, tunapima mikono ya watoto kwa utepe wa rangi. Kijani, mzima. Njano, wa kuangaliwa. Nyekundu, hali mbaya. Lori la maziwa ya unga ni moja, vijiji ni viwili. Mimi nimepewa Nyarusenga, kwetu, mbele ya Gwarama, wilayani Kibondo. Cha ng'ambo ya mto amepewa Tamimu, mwandiko mzuri, majivuno debe zima. Kijiji chenye nyekundu nyingi ndicho kitakachopata lori.

Jumatano, 3 Machi.
Vikaratasi kumi ndani ya kofia, moja mpaka kumi. Nikachomoa. Saba. Maana yake nianze nyumba ya saba, kisha ya kumi na saba, ishirini na saba, mpaka kijiji kiishe. Nyumba ya saba ni ya mzee Tharsisi. Mganga. Mbwa watatu, na pembe ya mnyama nisiyemjua mlangoni. Nikarudisha kikaratasi, nikachomoa tena. Saba! Mzee huyu ana mkono mrefu. Nikaona bahati ikikosea mtu huisaidia. Nimechagua kumi.

Alhamisi, 4 Machi.
Kumi, ishirini, thelathini. Kazi tamu ajabu! Tulipohamishiwa hapa mwaka wa sabini na nne nyumba zilipangwa mistari, kumi kumi, na kila balozi wa nyumba kumi akajijengea ile ya kumi, kando ya barabara. Kwa hiyo kila ninapobisha hodi namkuta balozi. Kuna kiti. Kuna daftari la majina, sina haja ya kumwuliza mama ana watoto wangapi. Huku kwetu kuhesabu watoto wa mtu ni kuwaitia kifo, na mimi sitaki kuwa mwitaji.

Kwa balozi Melkiadi nimekula kuku. Watoto wake kijani wote. Yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, hushushwa kwa mabalozi kwanza ndipo yagawiwe. Niliona magunia mengi nyuma ya mlango. Sikuuliza, nilikuwa natafuna.

Jumamosi, 6 Machi.
Nimemaliza. Nyumba thelathini, watoto arobaini na watatu, wote kijani. Kijiji hiki kina afya!

Kisha akaja dada yangu Pelagia kuuliza kwa nini nimeiruka nyumba yake. Nikamwambia haya ni mambo ya kitaalamu. Hakubishana. Akaniwekea binti yake Rosa mapajani. Ana miaka miwili. Miguu imevimba, nywele zimekuwa kama ndevu za mahindi, na hakulia hata nilipomshika. Nikamfunga utepe. Nyekundu.

Nyumba ya Pelagia ni ya mia na ishirini na saba. Ningeanza na saba ningeifikia. Mungu wangu, ningeifikia. Wino umemwagika.

Jumatatu, 8 Machi. Kibondo.
Matokeo. Kwa Tamimu, nyekundu kumi na wawili kati ya arobaini na mmoja. Kwangu, hakuna. Lori ni lake. Alinipa mkono na kunipongeza kwa afya ya watu wetu. Nitamwambia nini Pelagia?

Jumanne, 9 Machi.
Nimepata njia! Nimekaa uani kwa Pelagia, nikatangaza kila mwenye mtoto mgonjwa aje. Nilipotimiza arobaini na watatu nikafunga. Wote nyekundu. Kesho nazipeleka fomu hizi, nitasema zile za kwanza ziliharibika.

Alhamisi, 11 Machi. Kibondo.
Nimekwisha. Bibi Winifrida alizilaza fomu zote mezani. Kijiji kile kile: Jumamosi hana njaa hata mmoja, Jumanne wote wana njaa. Hakupaza sauti. Heri angepaza. Aliuliza nani anakaa nyumba ya kumi. Nikasema balozi. Ya ishirini? Balozi. Ya thelathini? Jasho lilinitoka mpaka kwenye viatu.

"Ndugu Leonidasi," alisema, "kwanza umepima mabalozi. Halafu ukawaita wagonjwa, ukashangaa kwamba wanaumwa. Kijiji utakipima lini?"

Nikamweleza habari za Rosa. Nililia, sioni aibu kuandika. Akaniambia nichukue kofia yangu twende.

Ijumaa, 12 Machi.
Alichomoa mwenyewe. Nne. Tukapita nyumba thelathini, mimi nyuma yake kwa kuogopa mbwa. Nyekundu kumi na mmoja kati ya arobaini. Akasema hiyo ni zaidi kidogo ya robo, na ukweli unaweza kupanda au kushuka kidogo, sampuli haili kiapo. Lakini si sifuri, na si wote. Lori litagawanywa: Jumatatu kwetu, Alhamisi kwa Tamimu, mpaka nyekundu ziishe.

Jumatatu, 29 Machi.
Lori limekuja mara ya tatu. Nimempima Rosa. Njano! Aliukamata utepe akautafuna. Pelagia alinishika bega, na mimi nikageukia ukutani.

Bibi Winifrida ameniachia kazi kwa kuwa hana mwingine anayejua Kiha. Siku ya kwanza ya lori walipatikana watoto tisini na sita wa nyekundu. Niwapime wote upya, nyumba kwa nyumba. Wakitoka kwenye nyekundu, lori litahamia kwingine.

Jumanne, 30 Machi.
Tisini na sita! Na mmoja wao ni mjukuu wa mzee Tharsisi. Nimefikiri sana. Rosa alikuwa nyekundu, sasa njano. Maziwa ni yale yale, kikombe kile kile. Sasa nikapime nini kwa wengine? Nimeandika njano mara tisini na sita, na chai ilikuwa bado haijachemka. Fomu zimeshakwenda Kibondo.

Jumatatu, 5 Aprili.
Lori halikuja. Dalili njema: hesabu yangu imekubaliwa, kijiji kimepona. Kina mama wamejaa uani kwangu, Pelagia yuko mbele na Rosa mgongoni. Bila shaka wamekuja kushukuru. Nimefunga mlango kwa komeo, kwa tahadhari tu, kwa sababu sielewi kwa nini wamekuja na michi.